Mwivi Hapendi Nuru wala Jirani

Katika mitaa ya Lubumbashi, huko Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi, kuna neno linalorudi mara kwa mara watu wakutanapo jioni: wevi wa usiku. Baba analala sikio moja likiwa wazi. Mama anawaza cherehani yake, ambayo ndiyo inayolipa karo ya watoto. Matajiri hujenga kuta ndefu zenye nyaya za umeme na kuwalipa mazamu. Lakini mtu wa mshahara mdogo atafanya nini?

Twajibu: aweza kufanya mengi. Mwivi wa nyumba, mara nyingi, si fundi wa ajabu. Hutafuta mahali rahisi, penye giza, pasipo mtu wa kumwona. Kila kitu kinachomkawiza, kinachopiga kelele au kinachomtia nuru usoni humfanya aende zake. Tuanze basi na yale yasiyogharimu hata franka moja.

Kufuli la kinywa

Mwivi huja mara nyingi kwa sababu amesikia habari. Siku unapopokea zamu yako ya likelemba, au siku ya mshahara, usitangaze barabarani. Watoto nao wafundishwe kutowaambia wageni kwamba baba amesafiri. Tena, mbona kulaza fedha chini ya godoro? Siku hizi zaweza kuwekwa benki, katika chama cha akiba, au hata ndani ya simu kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, mradi namba ya siri isijulikane na mtu mwingine.

Ufunguo usifichwe chini ya jiwe la mlangoni; mwivi alijua mahali hapo kabla yako. Ukihamia nyumba ya kupanga, patana na mwenye nyumba mbadilishe kitasa, kwa maana hujui ni funguo ngapi zimebaki mikononi mwa waliokutangulia. Na kabla ya kulala, ingiza ndani ngazi, sururu na vipande vya nondo. Wengi wamevunjiwa mlango kwa chombo chao wenyewe!

Wazee husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Andika katika daftari namba za vyombo vyako. Kwa simu, bonyeza *#06#, nayo itakuonyesha namba yake ya pekee. Namba hiyo ndiyo itakayoshuhudia kwamba simu ni yako, ikipatikana mikononi mwa mwingine.

Mlango, dirisha, paa na ukuta

Watu hununua kufuli kubwa, wakalifunga kwenye mlango uliopigiliwa misumari mifupi. Hiyo ni kazi bure. Nguvu ya mlango imo katika fremu yake. Fremu ishikwe ukutani kwa vyuma, na bawaba zikazwe kwa skrubu ndefu zinazofika ndani ya mbao, tena zielekee ndani ya nyumba. Weka makomeo mawili, moja juu na moja chini. Asiye na fedha za makomeo akate mti mgumu, auvushe nyuma ya mlango kila usiku, ukilala katika vyuma viwili vilivyopindwa. Mfua chuma wa mtaani atavitengeneza kwa bei ndogo.

Dirishani mwivi hana haja ya kupita mwili mzima. Hupitisha fimbo yenye ndoana, akavuta suruali pamoja na simu iliyomo mfukoni. Usiweke kitu cha thamani karibu na dirisha, na upigilie wavu wa waya. Utazuia ndoana, na ukiwa wa matundu madogo utazuia na mbu pia.

Paa la mabati huinuliwa kwa urahisi kama misumari ni mifupi. Tumia misumari inayopenya ubao mpaka upande wa pili, kisha ikunje ncha zake. Mawe yanayowekwa juu husaidia kuzuia upepo, si mwivi.

Ukuta wa matofali mabichi hutobolewa kwa chuma kidogo, hasa ukilowa. Udongo wa vichuguu vyetu vya Katanga hutoa matofali mema. Yakichomwa vizuri huwa magumu. Asiyeweza kuyachoma apige lipu ya saruji angalau mita moja kutoka chini, kwani ndipo wanapotoboa. Kazi hiyo ifanywe kiangazi, kabla ya mwezi wa Novemba. Masika yakianza, mvua hupiga mabati kwa kishindo, na mwivi hufanya kazi yake bila kusikika.

Ua wa lupango nao una siri yake. Bugenvilia yenye miiba, au mkonge, hufanya boma lisilogharimu ila jasho. Lakini usiuache ua ukawa mrefu na mnene kama msitu. Ua wa namna hiyo humficha mwivi, jirani asione kinachotendeka kwako.

Nuru na sauti

Umeme wa SNEL hukatika, na mtaa mzima huwa giza. Leo sokoni zapatikana taa ndogo zinazokula nuru ya jua mchana na kuwaka usiku. Nyingine huwaka pale tu mtu anapopita mbele yake. Taa moja juu ya mlango wa nyuma yafaa kuliko tatu mbele.

Mbwa wa kienyeji, akilishwa vema na kuchanjwa, ni zamu mwaminifu. Kanga na mabata bukini nao hupiga kelele wakisikia mgeni. Wanafunzi wanajua hadithi ya Waroma wa kale, ambao yasemekana waliamshwa na mabata bukini adui alipopanda ngome usiku. Ndege hao hawadai mshahara, tena hutoa mayai.

Jambo moja msilisahau

Hapa twaomba msome kwa uangalifu. Kinachomzuia mwivi kuingia chaweza kuwazuia wenye nyumba kutoka. Mshumaa ukianguka usiku, nondo za madirisha na kufuli la mlango huweza kuigeuza nyumba kuwa mtego wa watoto. Kwa hiyo dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo wake utundikwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba anaujua, lakini mkono wa mtu wa nje haufiki. Wafundisheni watoto kuufungua gizani.

Tena, mtu aliyeziba kila tundu kwa hofu ya wevi asiingize mbabula ya makala ndani wakati wa baridi ya Juni na Julai. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi; huua jamaa nzima katika usingizi. Mali ikiibwa hutafutwa nyingine. Uhai hauna duka.

Jirani, na mipaka ya hasira

Ulinzi ulio bora kupita vyote ni jirani. Nyumba kumi zikipatana, hupata macho ishirini na zaidi. Pataneni ishara moja: firimbi, au kupiga masufuria kama wafanyavyo watu katika miji yetu mingi. Anayesikia apige naye, awashe taa, ili kelele isambae barabara nzima. Mwivi asiye na silaha atakimbia. Mwenye silaha msimkabili. Bakini ndani, endeleeni na kelele, mkawaite polisi.

Na akikamatwa je? Hapo ndipo penye jaribu kubwa. Mara ngapi kundi la watu limempiga mtu mpaka kufa, au kumchoma kwa tairi, na asubuhi ikajulikana kwamba alikuwa mgonjwa wa akili, au kijana aliyekuwa akirudi kazini! Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 16, inasema wazi kwamba mtu ni mtakatifu na kila mtu ana haki ya kuishi. Na sheria haimwachi mwivi: kitabu cha sheria za makosa, cha mwaka 1940, kinampa aliyevunja nyumba, au aliyeiba usiku katika nyumba ikaliwayo, kifungo kifikacho miaka 10. Mfungeni kamba, mwiteni mkubwa wa avenyu, mkabidhini kwa polisi mbele ya mashahidi. Mtaa uliomwua mtu umepata hasara kubwa kuliko cherehani.

Basi, ndugu wasomaji, Jumamosi hii zungukeni nyumba zenu pamoja na watoto. Shikeni kila bawaba, tikiseni kila nondo, kisha piteni kwa jirani mkapatane ishara ya usiku. Kazi hiyo yamalizika kabla ya chakula cha mchana.