Tumbusi wa Kondoa: Wa Kawaida Aliyegeuka Adimu

Wageni wanaokuja Kondoa na darubini huwa wanatafuta hasa ndege wawili: kwezi kijivu na kasuku mdogo mwenye ukosi wa njano. Asili yao wote ni Tanzania peke yake, na nyanda kavu za kati ndiko waliko wengi. Ukitoka alfajiri kuelekea Kolo, jua halijawa kali, kasuku utawasikia kwenye mibuyu, na kwezi utawakuta chini wakiokota wadudu. Kwa aliyetoka Ulaya siku hiyo imefanikiwa. Kwa mkulima wa Kirangi hao ni ndege wa kila siku.

Adimu wa kweli ni yule ambaye wazee wa hapa hawakuwa na sababu ya kumwinulia macho: tumbusi mgongo-mweupe. Mvizie hewa inapopata joto na kupanda, upande wa Pori la Akiba Mkungunero, linalopakana na Tarangire. Siku hizi hata mmoja akizunguka juu, nahesabu nimepata.

Kushuka kwake kumekuwa kwa kasi ya kutisha. Mwaka 2004 shirika la uhifadhi la IUCN lilimweka miongoni mwa ndege wasio na shida. Mwaka 2007 likasema anakaribia hatari, 2012 kwamba yumo hatarini, na 2015 akafikishwa daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Hali yake si ya peke yake: utafiti wa aina 8 za tumbusi barani Afrika, uliochapishwa 2016, ulionyesha kuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miongo mitatu, na sumu ilihusika na asilimia 61 ya vifo vilivyorekodiwa.

Mara nyingi sumu hiyo haikuwekewa ndege. Fisi au simba amekamata ng'ombe usiku. Mwenye mali, kwa uchungu ninaouelewa, anapaka mzoga dawa ya kuulia wadudu ili mnyama akirudi afe. Wa kwanza kufika ni tumbusi, kwa makumi, maana mmoja akishuka wengine wanamwona kutoka mbali. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mzoga mmoja unaweza kufuta uzazi wa miaka mingi.

Kondoa inajua kurekebisha uharibifu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililoliwa na makorongo, na vichaka vikarudi. Uamuzi ule uliwaumiza wafugaji, lakini ardhi ilikaa pale pale ikisubiri kutibiwa. Tumbusi hasubiri. Kwa siku moja anaweza kuruka zaidi ya kilomita mia, avuke mipaka ya wilaya na hifadhi, akale mzoga ambao hakuna ofisa wa Kondoa anayeujua. Ndiyo maana siamini kwamba kuongeza eneo la hifadhi peke yake kutamwokoa.

Kuna sumu nyingine inayotoka angani. Kwelea wanapovamia uwele na mtama, ndege za serikali hunyunyizia fenthioni kwenye malalo yao jua linapozama. Asubuhi kwelea waliolegea hutapakaa chini, na pungu, tai na vipanga huwaokota kwa urahisi. Pungu naye aliingizwa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 2020.

Hapa Kondoa ina jambo ambalo wilaya nyingi hazina. Wapo watu wanaowanasa kwelea kwa mitego ya vikapu vya nyasi, wakawala na kuwauza. Mitego haiwezi kulimaliza kundi la mamilioni wakati nafaka inakomaa, na sitadai hivyo. Lakini malalo madogo yaliyo karibu na vijiji yangeweza kuachiwa wategaji, halmashauri ikiwasaidia kukausha na kufikisha sokoni, na dawa ikabaki kwa makundi makubwa tu. Kwa mizoga, dawa yenyewe inauzwa madukani mwetu, na mwenye ng'ombe anahitaji zizi imara na fidia ya haraka kabla hajaifikiria chupa hiyo.