Pilipili Kali: Tuchague Mbegu Gani?

Katika toleo hili tunazungumzia zao dogo ambalo halikosekani kwenye meza ya mkazi wa Gerezani. Pilipili ipo kwenye kachumbari ya muuza mishikaki, kwenye mihogo ya kukaanga, kwenye achari ya embe na kwenye mchuzi wa mama lishe. Ni moja ya mazao machache yanayokubali kukua ndani ya ndoo, kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga, na ikazaa kwa miezi mingi.

Lakini pilipili inahitaji subira. Tangu kusia mbegu mpaka mchumo wa kwanza inaweza kupita miezi minne hadi sita. Kwa mama aliyekopa katika kikundi cha kuweka na kukopa, na anayenunua maji kwa dumu, hiyo ni miezi mingi ya gharama kabla ya kuona shilingi. Akikosea mbegu, atajua pale tunda linapotokea, na wakati huo fedha na maji vimekwisha kutumika. Kwa sababu hiyo tunasisitiza uchaguzi wa mbegu kabla ya jambo jingine lolote.

MAJINA YANAYOCHANGANYA

Pilipili kali si mmea wa asili ya Afrika. Asili yake ni bara la Amerika, na ilifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza safari zao za Bahari ya Hindi mwishoni mwa karne ya 15. Pilipili manga ni mmea mwingine kabisa. Huo hutambaa na asili yake ni India.

Majina nayo hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Katika kamusi za zamani "pilipili hoho" ilikuwa ile kali. Leo, Dar es Salaam na sehemu nyingi za nchi, hoho ni ile kubwa isiyowasha. Kwa hiyo usiridhike na jina pekee unaponunua mbegu. Tazama picha kwenye pakiti, soma jina la aina, na ukiweza nenda sokoni ukanunue tunda lenyewe ulionje kwa uangalifu.

AINA UNAZOWEZA KUZIPATA

Pilipili ndefu. Tunda ni jembamba na refu kama kidole. Kwenye pakiti mara nyingi huandikwa Cayenne. Ni ya spishi iitwayo Capsicum annuum. Huota haraka, kati ya siku 7 na 14, na ndiyo inayotangulia kuzaa, yaani baada ya miezi minne hivi. Hufaa kuuzwa mbichi, kukaushwa na kusagwa kuwa unga. Ndoo ya lita 10 yenye matundu inatosha mche mmoja.

Pilipili mbuzi. Tunda ni fupi, lina mikunjo, na lina harufu nzuri ambayo pilipili nyingine hazina. Kwenye pakiti utaona Habanero au Scotch Bonnet. Spishi yake ni Capsicum chinense. Wapishi wengi huitumbukiza nzima kwenye mchuzi au pilau ili itoe harufu, wakiangalia isipasuke. Huchelewa kuota, wiki mbili hadi nne, na mchumo wa kwanza huchukua miezi mitano hivi. Inahitaji ndoo ya lita 20.

Pilipili kichaa. Vitunda vyake ni vidogo sana na husimama vikitazama juu. Kwenye pakiti huitwa Bird's Eye. Nyingi ni za spishi ya Capsicum frutescens. Huchelewa kuanza, miezi mitano hadi sita, lakini mmea mmoja ukitunzwa unaweza kuzaa zaidi ya mwaka mmoja. Kazi yake kubwa ni kuchuma, kwa sababu vitunda ni vingi na vidogo. Hukauka vizuri juani, kwa hiyo haiozi ukikosa mteja siku hiyo.

Pilipili hoho. Haiwashi. Tumeitaja kwa sababu wengi hutamani kuipanda wakiona bei yake. Ni ya spishi moja na pilipili ndefu, lakini haipendi joto la Dar es Salaam. Tutaeleza sababu hapa chini.

UKALI UNAPIMWAJE?

Mwaka 1912 mfamasia Mmarekani aitwaye Wilbur Scoville alibuni kipimo cha ukali wa pilipili. Kwa kipimo hicho hoho ni sifuri. Pilipili ndefu za aina ya Cayenne huwa kati ya 30,000 na 50,000. Pilipili kichaa ni 50,000 hadi 100,000. Pilipili mbuzi ni 100,000 hadi 350,000. Huko nje wapo wanaoshindania ukali peke yake. Mwaka 2023 pilipili ya Marekani iitwayo Pepper X ilitangazwa kuwa kali kuliko zote duniani, kwa kiasi cha 2,693,000. Mama lishe hana haja nayo! Mteja wake anataka chakula chenye ladha, na anataka arudi kesho.

Ukali hautoki kwenye mbegu kama wengi wanavyodhani. Unatengenezwa kwenye utando mweupe ulioshika mbegu. Mmea ule ule unaweza kutoa matunda makali zaidi ukipata kiu kidogo na jua kali, na matunda mapoozo zaidi ukimwagiwa maji mengi. Kwa hiyo tarakimu za kwenye pakiti ni makadirio tu.

JOTO LA PWANI

Pilipili zote hupenda joto, lakini zina kikomo. Mchana ukizidi nyuzi joto 32 hivi, na usiku ukabaki na joto jingi, maua huanza kudondoka bila kufunga tunda. Aina zenye matunda makubwa huathirika zaidi. Ndiyo maana hoho nyingi zinazouzwa Dar es Salaam hutoka sehemu zenye baridi kama Lushoto. Aina zenye matunda madogo, kama kichaa, mbuzi na ndefu, huvumilia zaidi joto letu.

Ukisia mbegu kuanzia Machi au Aprili, miche itatoa maua katika miezi ya Juni hadi Agosti, wakati Dar es Salaam ina nafuu ya joto. Ukichagua kipindi hicho, kikinge kitalu na mvua kubwa za masika. Maji yakituama, miche michanga huanguka kwa ugonjwa wa kinyausi.

MASWALI MATATU KABLA YA KUNUNUA

1. Nani atanunua? Zungumza na wanunuzi kwanza. Muuza chipsi anayetengeneza pilipili ya kusaga anahitaji wingi. Mpishi wa pilau anataka harufu. Msagaji wa viungo anataka pilipili kavu na nyekundu. Uliza pia wananunua kwa fungu, kwa kisado au kwa kilo.

2. Unaweza kusubiri muda gani? Kama fedha ni ya mkopo na marejesho ni ya kila wiki, anza na pilipili ndefu. Ongeza miche michache ya mbuzi au kichaa pembeni, iwe akiba ya baadaye.

3. Una jua na maji kiasi gani? Pilipili inahitaji jua la moja kwa moja kwa saa sita kwa siku. Nyua nyingi za Gerezani na Kariakoo sasa zimezungukwa na maghorofa. Hesabu saa za jua kabla hujatumia fedha. Kuhusu maji, onja maji ya kisima. Kama yana chumvi, usiyategemee peke yake, kwa sababu pilipili hudumaa kwa chumvi.

MBEGU CHOTARA AU MBEGU YA KAWAIDA?

Katika maduka ya pembejeo ya Kariakoo utakuta mbegu za namna mbili. Mbegu chotara zina alama ya F1 kwenye pakiti. Zimetokana na kuzalisha pamoja mistari miwili ya wazazi. Huzaa kwa usawa, na baadhi zina uvumilivu wa magonjwa. Bei yake ni kubwa. Ukipanda mbegu ulizotoa kwenye matunda yake, watoto hawatafanana. Mmoja utakuwa mrefu, mwingine mfupi, mwingine hauna ukali uliotarajia.

Mbegu za kawaida ni rahisi zaidi, na ukizitunza vizuri unaweza kupanda tena mbegu zako mwenyewe kwa miaka mingi. Kwa mtu mwenye ndoo tano au kumi, ushauri wetu ni kuanza na mbegu ya kawaida. Chotara inafaa kwa kikundi chenye shamba, mnunuzi wa uhakika na fedha za kununua mbegu mpya kila msimu.

Kwa namna zote mbili, zingatia haya:

• Nunua pakiti iliyofungwa, si mbegu za kupimiwa kwa kijiko.
• Tafuta lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu kwa mujibu wa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003.
• Soma tarehe ya kufungwa na ya mwisho wa matumizi.
• Epuka pakiti iliyoning'inizwa juani mbele ya duka. Joto huua mbegu.
• Dai risiti, na tunza pakiti tupu mpaka mavuno.

Je, mbegu kutoka kwenye pilipili ya sokoni? Zinaweza kuota kama tunda lilikuwa limeiva na kuwa jekundu. Lakini hujui kama mama yake ni chotara, wala kama alibeba ugonjwa. Jaribu kwa ndoo moja. Usiweke mkopo wako hapo.

PIMA KABLA YA KUSIA

Chukua mbegu 20. Zifunge katika kitambaa chenye unyevu, weka ndani ya mfuko wa plastiki, mahali penye joto na kivuli. Kagua kila siku. Kama ni pilipili ndefu, hesabu baada ya siku 14. Kama ni mbuzi au kichaa, ngoja wiki nne. Zikiota 16 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 10, sia mara mbili ya kawaida. Chini ya hapo, rudi dukani na risiti yako.

Sia katika trei au kopo pana, kina cha nusu sentimita. Miche ikifikisha majani manne hadi sita, wiki ya tano hadi ya saba, ihamishe jioni.

ANGALIZO: CHOMBO NA UDONGO

Gerezani ni mahali pa mafundi, gereji na vyuma chakavu. Vyombo vya bei nafuu havikosekani, lakini si vyote vinafaa. Usitumie chombo kilichobeba tindikali ya betri, oili chafu au dawa za viwandani. Usichote udongo karibu na gereji au mahali betri zinapopasuliwa. Madini ya risasi hukaa katika udongo kwa miaka mingi, hushika kwenye mboga na mikononi, na huwadhuru zaidi watoto wadogo. Tumia ndoo zilizobeba chakula, au viroba safi, na udongo wa mahali unapopajua. Changanya na mboji au samadi iliyooza vizuri.

Udongo uliotoka kupandwa nyanya, bilinganya au nyanya chungu usiutumie mara moja kwa pilipili. Mimea hiyo ni ya familia moja, na magonjwa kama mnyauko bakteria hubaki udongoni.

KUTUNZA MBEGU YAKO

Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, lakini nyuki nao hupeleka chavua kutoka mmea hadi mmea. Hoho iliyo karibu na pilipili ndefu haitawasha msimu huu. Lakini ukipanda mbegu zake, unaweza kupata hoho zinazowasha, kwa kuwa ukali una nguvu kuliko upoozo katika urithi. Ili mbegu ibaki safi, funika tawi lenye maua yasiyofunguka kwa kitambaa chepesi cha chandarua chenye matundu madogo. Tunda likifunga, ondoa kitambaa na weka uzi kama alama.

Chagua mmea wenye afya kuliko yote, si ule uliobaki mwisho. Acha tunda liive kabisa. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, toa mbegu, na zianike kivulini kwa wiki moja hadi mbili. Usiguse macho, na watoto wasikaribie. Hifadhi katika chupa kavu yenye mfuniko, ukiandika jina na tarehe. Mahali penye baridi na ukavu hudumu miaka miwili au zaidi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni pilipili gani inayotumiwa zaidi na wapishi wa mtaa wetu? Nani ataenda kuwauliza?
2. Ni nani kati yetu ana jua la saa sita uani, na nani hana? Je, wenye jua wanaweza kuwatunzia wengine ndoo?
3. Tukinunua pakiti moja pamoja na kugawana mbegu, kila mmoja atapata ngapi?
4. Nani atatunza mbegu za kikundi, na tutahakikishaje haziharibiki?

Tunawashauri mwanzo mdogo: kikundi kimoja, pakiti moja, ndoo chache za kila mwanachama. Baada ya msimu mmoja mtajua ni aina gani imekubali ua wenu na ni aina gani wateja wameirudia. Hapo ndipo mtakapoweza kukopa kwa ajili ya ndoo zaidi bila hofu.