Nyumba Njema si Mlango
Jinsi familia ya askari inavyoweza kupanga na kupamba chumba kimoja

Amri ya uhamisho haibishi hodi. Aghalabu huletwa jioni, na alfajiri lori limekwisha kuwasili uwanjani, injini yanguruma na dereva apiga honi. Katika kambi za polisi na za jeshi nchini Uganda, kuanzia Nsambya na Naguru mjini Kampala hadi Gulu, Mbarara na Kabale, ni nadra kuikuta familia iliyokaa miaka mingi katika utumishi isiyoijua asubuhi ya namna hiyo.

Nyumba moja hupakiwa kwa muda mfupi, nayo majirani wakaja kuaga tu. Katika nyumba ya pili jua limekwisha kupanda na vyombo vingali vimetapakaa barazani: kiatu kimoja cha mtoto hakionekani, kadi ya chanjo haijulikani iliko, na mafuta ya taa yamemwagikia unga. Tofauti ya nyumba hizi mbili si mshahara, kwa maana yawezekana askari wote wawili wana cheo kimoja. Tofauti yao ni utaratibu.

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maneno haya yamfaa sana askari, ambaye mlango, kuta na paa la nyumba anayokaa ni mali ya Serikali. Hawezi kubomoa ukuta wala kuongeza dirisha apendavyo. Kilicho chake ni kile kilichomo ndani. Kwa sababu hiyo, kila kitu kinachoingizwa katika chumba hicho, kiwe chombo au pambo, yafaa kitimize masharti matatu: kiwe na kazi, kiwe rahisi kusafishwa, na kiweze kuhamishwa. Nyumba iliyopangwa kwa masharti hayo huwapunguzia watu wake hatari ya moto, maradhi, na fedheha ya kutafuta kitu muhimu saa ambayo hakipatikani.

Kutoa kabla ya kupanga

Kosa la kwanza la watu wengi ni kununua kabati ili kuficha vitu visivyohitajiwa. Chumba chenye upana wa futi 10 na urefu wa futi 12 hakiwezi kustahimili kiti kilichovunjika mguu, sufuria iliyotoboka, na magunia ya nguo ambazo watoto wamekwisha kuzipita kwa kimo. Vitu vyote na vitolewe nje siku moja yenye jua, chumba kifagiliwe hadi pembeni, na kila kitu kirudishwe kimoja kimoja kwa swali moja tu: kilitumika lini mara ya mwisho? Kile kinachoweza kutengenezwa kitengenezwe wiki hiyo hiyo, na kile kitakachomfaa jirani apewe jirani.

Siku hiyo hiyo godoro lianikwe, na fremu ya kitanda ikaguliwe katika maungio yake, maana humo ndimo kunguni wanamojificha. Kitanda chaweza kuinuliwa juu ya matofali manne yaliyo imara na yaliyolingana. Nafasi inayopatikana chini yake yatosha masanduku mawili ya bati, na ufagio hupita bila shida. Mahali pa watoto wakubwa, kitanda cha ghorofa chafaa kuliko vitanda viwili, mradi kile cha juu kiwe na kizuizi ubavuni na mtoto mdogo alale chini.

Pazia ligawalo chumba

Chumba kimoja hulazimika kuwa sebule, chumba cha kulala, ghala, na darasa la watoto wa shule. Ukuta usioweza kujengwa hubadilishwa kwa pazia. Waya mgumu ukazwe kutoka upande mmoja hadi wa pili, juu kidogo kuliko kichwa cha mtu mzima, na pazia lishonwe pindo pana ili lipite juu ya waya bila kukwama. Kitambaa cha rangi nyepesi, kama maziwa au majani machanga, hupitisha mwanga na kukifanya chumba kionekane kipana. Kitenge chenye maua makubwa ni kizuri kwa vazi, lakini kikijaza upande mzima wa chumba kidogo huyachosha macho.

Nyuma ya pazia kiwe kitanda cha wazazi na masanduku. Mbele ya pazia viwe viti, meza ndogo, na mahali pa watoto kusomea, karibu iwezekanavyo na dirisha. Mchana vyandarua vikunjwe na kufungwa juu ya vitanda, visiburutwe sakafuni wala kuchomwa na moto. Jioni viteremshwe na kuchomekwa chini ya godoro kabla ya mbu waenezao malaria kuanza kutafuta damu. Ndoana ya chandarua ni ya chandarua. Ikitundikwa mkoba na kofia, usiku mmoja chandarua hakitafungwa, na usiku huo mmoja watosha.

Sare ipewe kitundikio chake na ifunikwe kwa shuka kuukuu lililosafishwa. Viatu vikae karibu na mlango katika kisanduku cha chini. Silaha na risasi mahali pake ni ghalani, si chini ya mto wala juu ya kabati. Kadhalika, maganda ya risasi na vyuma vilivyookotwa katika maeneo ya vita si mapambo. Mtoto aliyezoea kuviona mezani kama vyombo vya maua hataogopa kuokota kingine porini, ambacho pengine hakijalipuka.

Jiko lina mahali pake

Hakuna jambo katika nyumba ya chumba kimoja linalohitaji msimamo mkali kuliko jiko la makaa. Mvua inaponyesha, au katika milima ya Kabale ambako mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku huwa na baridi kali, kishawishi cha kuliingiza jiko ndani na kufunga mlango ni kikubwa. Makaa yanayoonekana kuwa yamepoa, yasiyotoa moshi, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na mtu aliyelala huenda asiamke kabisa. Jiko libaki nje au barazani penye upepo, na baridi ipigwe vita kwa blanketi.

Mahali pa kupikia pachorewe mpaka ambao mtoto mdogo hauvuki, na mikono ya sufuria igeuzwe ndani. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda, kwa kuwa mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo. Yatiwe katika dumu dogo lenye alama, yawekwe juu mahali asipofika, mbali na unga na chumvi. Maji ya kunywa nayo yawe na chombo chake chenye mfuniko na mdomo mwembamba, yamiminwe badala ya kuchotwa kwa kikombe kinachopita mikononi mwa watu wote.

Kwa rafu, hakuna haja ya kwenda kwa seremala. Masanduku ya mbao yanayochukulia nyanya sokoni, yakisuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi, hupangwa moja juu ya jingine na kuungwa kwa misumari. Matatu huwa kabati la vyombo. Siku ya safari hutenganishwa, na yale yale hutumika kupakia vikombe na sahani. Chini ya rafu zipigiliwe ndoana za vikombe, moja kwa kila mtu, ya mtoto ikiwa chini kabisa ili aifikie mwenyewe.

Kuta na mabati

Ukuta wa matofali hupata uhai mpya kwa chokaa, ambayo ni rangi ya bei nafuu kuliko zote. Chokaa iliyozimwa ichanganywe na maji hadi iwe kama maziwa mazito, itiwe chumvi kidogo ili ishike, ichujwe kwa kitambaa, na ipakwe mara mbili, mkono wa pili baada ya ule wa kwanza kukauka. Watoto wawekwe mbali wakati wa kazi hiyo, kwani chokaa huunguza macho. Sehemu ya chini ya ukuta, hadi kimo cha goti, yaweza kupakwa rangi ya mafuta iliyo nyeusi zaidi, ili alama za viatu na maji ya kudekia zisionekane upesi.

Wale wanaokaa katika vibanda vya mabati vya mviringo, maarufu kwa jina la unipoti, wana taabu zao za pekee. Mchana mabati huwa kama tanuri, na usiku huwa baridi hata matone ya maji yakaanguka juu ya kitanda. Mabati yasitobolewe kwa misumari, maana tundu la picha leo ni mvua ya kesho. Badala yake, fito nyembamba zisimamishwe kuufuata mviringo na kufungwa kwa kamba, kisha mikeka itundikwe juu yake, ikiacha upenyo kati ya mkeka na bati. Hewa iliyo katika upenyo huo hupunguza joto na baridi, na ile mikeka yenyewe huwa pambo. Ikaguliwe kila mara isishike ukungu, na mahali pa taa pasiwe na mkeka wowote karibu.

Mapambo yatokayo mikononi

Nchi hii haina upungufu wa mapambo kwa mwenye subira ya kuyatengeneza. Ukindu hukatwa, huchemshwa pamoja na rangi, hukaushwa na kusukwa mikeka ambayo hutandikwa wageni wanapofika na kukunjwa wanapoondoka. Mkeka mmoja mzuri wafanya kazi ya viti vinne, nao husafiri ukiwa umekunjwa begani.

Nguo ya gome la mti wa mtuba, iitwayo lubugo kwa Kiganda, ina rangi ya udongo mwekundu inayopendeza dhidi ya ukuta mweupe. Hutengenezwa kwa kupigwa nyundo za mbao hadi gome litanuke na kulainika. Mti wenyewe haukatwi. Shina hufunikwa kwa majani ya mgomba, nalo gome huota tena. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza ufundi huu kuwa miongoni mwa tunu za urithi wa wanadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi huo. Kipande kidogo chatosha kuwa fremu ya picha ya familia au kitambaa cha meza. Hata hivyo, kwa kuwa Waganda huitumia pia katika mazishi, ni adabu kuwauliza wazee kabla ya kuitandika kitandani.

Vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa kroshia, ambavyo hupamba migongo ya viti katika nyumba nyingi, vihesabiwe kwa kiasi. Viwili vilivyo safi hupendeza kuliko kumi vilivyofifia. Vifuliwe kila juma, vitiwe wanga ule ule utumikao kwa sare, na vipigwe pasi vingali na unyevu. Sanduku la bati likiwekewa mto uliojazwa sufi na kushonewa foronya huwa kiti cha wageni wawili. Pambo, kiti na ghala kwa pamoja.

Mkebe wa hati

Chombo muhimu kuliko vyote katika chumba cha askari hakionekani na mgeni. Tangu mwezi Machi 2007 askari wa Uganda wamepelekwa Somalia, na wengine hupelekwa sehemu za mbali za nchi kwa miezi mingi. Anayebaki nyumbani, awe mke au mume, hubaki na mamlaka yote ya nyumba bila kuwa na wa kumuuliza. Mtoto akiungua homa usiku, kadi yake iko wapi? Na ikiwa habari iliyo nzito kuliko zote italetwa mlangoni, mjane atathibitisha kwa karatasi gani kwamba ni mjane, na kwamba watoto hawa ni wa marehemu?

Kwa hiyo na uwepo mkebe mmoja wa bati wenye mfuniko, na ndani yake mfuko wa nailoni usiopitisha maji. Humo viwekwe cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, kadi za chanjo, ripoti za shule, nakala za vitambulisho, nakala ya barua ya kuajiriwa, na karatasi iliyoandikwa nambari ya utumishi ya askari pamoja na jina la kikosi chake. Bwana na bibi waukague pamoja kabla ya kila safari, na wahakikishe kwamba majina yaliyoandikwa ofisini ni yale yale yaliyomo katika vyeti, herufi kwa herufi. Mkebe ukae mahali pamoja daima, hata mkono uufikie gizani. Lori linapokuja, huo ndio wa mwisho kutoka chumbani, nao haupandi nyuma pamoja na mizigo, hupakatwa.

Nyumba iliyopangwa hivi huweza kusimamishwa upya mahali popote kabla ya jua kutua. Waya hukazwa, pazia likaning'inizwa, masanduku yakapangwa, mkeka ukatandikwa, na picha ikatundikwa. Kambi ni ngeni, majirani ni wageni, na hata lugha ya sokoni yaweza kuwa nyingine. Lakini mtoto aonapo kiu hunyoosha mkono chini ya rafu, na kikombe chake kipo pale pale kilipokuwa jana.