Mistari 11 ya msimbo iliyokwamisha watengenezaji wa tovuti duniani

Na Mwandishi Wetu

WATENGENEZAJI wa tovuti hawaandiki kila kitu kwa mikono yao. Kama seremala anunuavyo bawaba na misumari dukani badala ya kuvifua mwenyewe, ndivyo nao huchukua vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine na kuviunganisha na kazi yao. Utaratibu huo huokoa muda na fedha, lakini yaliyotokea Machi 22, 2016 yalidhihirisha kuwa una gharama yake.

Siku hiyo, kazi ya kuandaa programu ilikwama katika kampuni nyingi duniani baada ya kipande kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, kuondolewa katika npm, ghala la mtandaoni ambako watumiaji wa lugha ya JavaScript huweka na kuchukua vipande vya msimbo viitwavyo vifurushi.

Kazi ya left-pad ni ndogo mno. Huongeza nafasi tupu au tarakimu nyingine upande wa kushoto wa neno au namba hadi ufikiwe urefu unaotakiwa. Kwa mfano, namba 45 ya stakabadhi huandikwa 00045 ili stakabadhi zote zilingane.

Chanzo cha mkasa huo kilikuwa ugomvi wa jina. Mwandishi wake, Azer Koçulu, alikuwa na kifurushi kingine kilichoitwa kik. Kampuni ya Kik ya Canada, iliyokuwa na programu ya kutumiana ujumbe, ililidai jina hilo. Wasimamizi wa npm walipoipa kampuni hiyo haki, Koçulu aliondoa vifurushi vyake 273, left-pad kikiwa kimojawapo.

Wengi walioathirika hawakujua hata kwamba walikuwa wakikitegemea. Kifurushi kimoja huita kingine, nacho huita cha tatu, hivyo anayechukua kimoja hujikuta amebeba makumi. Babel, chombo maarufu cha kuufanya msimbo mpya wa JavaScript ueleweke katika vivinjari vya zamani, kilikuwa katika mnyororo huo. Tovuti zilizokuwa hewani ziliendelea kufanya kazi; kilichokwama ni uandaaji wa matoleo mapya. Wasimamizi wa npm walikirejesha kifurushi hicho siku hiyo hiyo, na baadaye waliweka masharti makali zaidi ya kuondoa vifurushi.

Hatari ya pili si kipande kutoweka, bali kubadilishwa kimyakimya. Februari 2024, anwani ya polyfill.io, iliyokuwa ikigawa msimbo wa kusaidia vivinjari vya zamani, iliingia mikononi mwa wamiliki wapya. Juni mwaka huo, wataalamu wa usalama walibaini kuwa msimbo uliotoka hapo ulikuwa ukiwapeleka baadhi ya watumiaji wa simu katika tovuti za kamari. Tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zikiitegemea anwani hiyo.

Zipo hata hivyo mbinu rahisi za kujikinga. Kwanza, ni vema kuangalia kama lugha yenyewe inayo kazi inayotafutwa. Tangu mwaka 2017, JavaScript inayo padStart, na kuandika "45".padStart(5, "0") hutoa 00045 bila kifurushi chochote.

Pili, amri ya npm ls ikifuatiwa na jina la kifurushi huonyesha ni kwa njia ipi kifurushi hicho kimeingia katika kazi.

Tatu, faili la package-lock.json lihifadhiwe pamoja na msimbo. Faili hilo huorodhesha toleo kamili la kila kifurushi pamoja na alama ya kukitambua, na amri ya npm ci husakinisha matoleo hayo hayo tu. Hata hivyo, faili hilo halizuii kifurushi kuondolewa ghalani. Kampuni zenye kazi nyeti huweka nakala za vifurushi katika seva zao.

Nne, msimbo unaoitwa kutoka tovuti nyingine unaweza kuwekewa sifa ya integrity katika ukurasa. Kivinjari hulinganisha alama ya faili lililopokelewa na ile iliyoandikwa, na zikitofautiana hata kwa herufi moja, hukataa kuliendesha. Mbinu hii hufaa kwa faili lisilobadilika. Huduma kama polyfill.io, iliyotoa msimbo tofauti kwa vivinjari tofauti, haikuweza kulindwa hivyo. Kwa huduma ya namna hiyo, salama ni kuhifadhi nakala iliyokaguliwa katika seva yako.

Kwa mwenye biashara anayemlipa fundi kumtengenezea tovuti, maswali mawili yanatosha kabla ya kupokea kazi: ni msimbo gani wa watu wengine uliotumika, na nani atakuwa akiuangalia baada ya malipo kukamilika?