Simu ilivyowafaa wenye kifafa wakati wa corona, na pale ilipokwama

KAFYU ya usiku ilipoanza kutekelezwa kote nchini Machi 27, 2020, wiki mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kuthibitishwa Kenya, wenye kifafa walijikuta katika hali ngumu. Dawa zao humezwa kila siku, na kuziacha ghafla kwaweza kuleta mtukutiko usiokatika, ambao huua.

Khayega, katika eneo la Shinyalu, Kaunti ya Kakamega, si mbali na tiba. Soko hilo limo kando ya barabara kuu ya Kakamega kwenda Chavakali na Kisumu. Hospitali ya Mukumu i jirani, nayo hospitali kuu ya kaunti ni safari fupi ya matatu. Lakini matatu ya viti 14 iliamriwa kubeba abiria wanane pekee, nauli ikapanda, na watu wengi wakaogopa hospitali kuliko ugonjwa wenyewe.

Hali haikuwa ya Kenya peke yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza Oktoba 2020 kwamba asilimia 93 ya mataifa 130 yaliyohojiwa yalikuwa yamevurugikiwa na huduma za afya ya akili na mishipa ya fahamu. Zaidi ya asilimia 80 ya nchi tajiri zilikimbilia matibabu kwa simu na mtandao. Miongoni mwa nchi maskini hazikufika nusu.

Ajabu ni kwamba kifafa ni miongoni mwa maradhi yanayokubali sana tiba ya namna hiyo. Daktari hukitambua hasa kwa kusikiliza masimulizi. Mgonjwa mwenyewe huwa hakumbuki lolote. Shahidi ni mama, mume au ndugu aliyekuwapo. Je, mtukutiko ulianzia mkono mmoja? Macho yalikuwa wazi? Aliuma ulimi? Ulichukua dakika ngapi, na baadaye alilala? Maswali haya hujibika vizuri zaidi nyumbani kuliko kliniki, ambako mara nyingi mgonjwa hufika peke yake. Mwenye simu ya kupiga picha aweza kurekodi tukio na kumtumia daktari. Mwenye “kabambe” atahesabu matukio katika daftari na kuyasoma.

Hata hivyo, simu ina mipaka. Kipimo cha dawa ya mtoto hufuata uzito wake, naye hukua. Bila mizani, daktari hubahatisha. Mtukutiko wa kwanza maishani, wenye homa, wa mjamzito, au uliofuata pigo la kichwa, wahitaji kuonwa ana kwa ana. Ukizidi dakika tano, ni wa hospitali mara moja. Wakati huo alazwe ubavu, aondolewe karibu na mafiga, wala asitiwe kijiko mdomoni.

Kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba simu haibebi vidonge. Fenobabitoni, dawa iliyotumika tangu 1912 na iliyo nafuu kuliko nyingi, hutolewa kwa cheti cha daktari. Kuondolewa kwa ada ya M-Pesa kwa malipo yasiyozidi Sh1,000, kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka huo, kuliwafaa waliotumiwa fedha na jamaa wa Nairobi. Lakini duka likiwa tupu, fedha hazisaidii. Kumpa mgonjwa aliyetulia dawa za miezi miwili au mitatu kungemwokoa zaidi ya mazungumzo mengi.

Kisha kuna siri. Simu ya nyumba mara nyingi ni moja, na kifafa bado hufichwa kwa sababu wapo wanaodhani huambukizwa kwa mate, jambo lisilo kweli. Msichana anayechumbiwa hatasema mengi huku shemeji akisikiliza kando.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilikuwa tayari imeitambua tiba kwa mtandao kabla ya corona, na mwaka 2023 ikaongezwa Sheria ya Afya ya Kidijitali. Mwaka huo huo serikali iliwapa wahudumu wa afya vijijini mikoba ya vifaa na simu. Mhudumu wa namna hiyo aweza kumpima mtoto uzito, kuhesabu vidonge vilivyosalia chupani, na kumpigia daktari papo hapo, akiwa uani.