Utumbo Hupokea, Figo Huchagua

Ugali ukitafunwa kwa muda mrefu bila kumezwa huanza kuwa mtamu mdomoni. Utamu huo hautoki jikoni. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, nacho hukatakata minyororo mirefu ya wanga ikawa sukari. Mtu mzima hutoa mate yapata lita moja kwa siku, na hapo ndipo mmeng'enyo wa chakula unapoanzia. Tonge likishamezwa, misuli ya umio hulisukuma kwa mikazo inayofuatana kama mawimbi. Ndiyo maana hata aliyelala chali humeza bila shida.

Kinachotokea tumboni kilizua ubishi mrefu. Wako waliodai kuwa chakula husagwa, wengine kwamba huoza, wengine kwamba hupikwa na joto la mwili. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac nchini Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamjeruhi ubavuni Alexis St. Martin, kijana aliyefanya kazi katika biashara ya ngozi za wanyama. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akapona, lakini kidonda kiliacha tundu lililofika hadi tumboni na halikuziba tena. Mwaka 1825 Beaumont alianza kufunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwenye uzi wa hariri, akavipenyeza tunduni na kuvivuta nje baada ya saa moja. Mkate na kabichi vilikuwa vimeyeyuka karibu nusu. Nyama ilikuwa bado nzima. Kisha akachota majimaji ya tumbo, akayatia katika chupa pamoja na nyama na kuitunza chupa hiyo katika joto la mwili. Nyama ikayeyuka humo humo, polepole, bila tumbo lolote kuisaga.

Jaribio hilo lilionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na kemikali. Leo zinajulikana kuwa ni asidi ya haidrokloriki na pepsini, kimeng'enya kinachovunja protini. Beaumont aliona pia kwamba hasira huvuruga kazi ya tumbo. Kitabu chake cha 1833 kinaheshimiwa hadi sasa, lakini anayestahili kukumbukwa zaidi ni aliyeyabeba majaribio hayo mwilini mwake. St. Martin alikuwa maskini asiyejua kusoma, aliyefungwa na mkataba wa kujaribiwa. Alipofariki mwaka 1880, jamaa zake waliuacha mwili uharibike kabla ya kuuzika, ili madaktari wasije kuupasua.

Kutoka tumboni, uji wa chakula huingia kidogo kidogo katika utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi. Nyongo kutoka kwenye ini hutawanya mafuta kuwa matone madogo, na kongosho huleta vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta. Ukuta wa ndani una vinyweleo vingi mno, na kwa hivyo eneo la kufyonza huwa kubwa. Maji ndiyo yanayoshangaza zaidi. Kila siku hupita humo lita 9 hivi: mbili zimetoka katika chakula na vinywaji, saba ni za mwili wenyewe, yaani mate, nyongo na majimaji ya tumbo, kongosho na utumbo. Karibu zote hurudi mwilini. Kinachotoka na kinyesi hakifiki robo lita.

Utumbo hauna uchaguzi mkali. Chumvi ikizidi kwenye mchuzi, karibu yote hufyonzwa. Protini nayo huacha amonia, ambayo ni sumu, hivyo ini huigeuza kuwa urea. Anayeamua nini kibaki na nini kiondoke ni figo.

Figo moja hutoshana na ngumi, na ndani yake mna vichujio vidogo takriban milioni moja viitwavyo nefroni. Kila nefroni huanza na kishada cha mishipa myembamba ya damu, kinachofuatwa na kijibomba kirefu. Kwa pamoja, figo mbili huchuja yapata lita 180 kwa siku, sawa na madumu tisa ya lita 20, lakini mkojo unaotoka ni lita moja na nusu hivi. Mwaka 1924, Joseph Wearn na Alfred Richards walionyesha jinsi hilo linavyowezekana. Wakitazama kwa darubini, walichoma bomba jembamba la kioo katika figo ya chura na kufyonza tone lililokuwa limetoka tu kwenye kishada. Tone lilikuwa na sukari; mkojo kwenye kibofu haukuwa nayo. Maana yake figo humwaga karibu kila kilicho chepesi, kisha hurudisha mwilini kile kinachohitajika.

Urejeshaji huo una kikomo. Glukosi ikizidi kiasi cha milimoli 10 kwa lita ya damu, vijibomba huelemewa na sukari huvuja kwenye mkojo. Ndiyo maana sisimizi huukusanyikia mkojo wa baadhi ya wagonjwa wa kisukari. Maji hurejeshwa kwa amri ya homoni kutoka ubongoni. Kwenye jua kali homoni hiyo huongezeka, na mkojo hupungua na kukolea rangi.

Kipindupindu huonyesha jinsi viungo hivi vinavyotegemeana. Utumbo humwaga maji, damu hupungua, na figo hukaza mkojo hadi ukakaribia kukoma. Robert Crane alieleza mwaka 1960 kwamba glukosi huingia ukutani mwa utumbo ikiambatana na sodiamu, na maji huzifuata. Mlango huo hubaki wazi hata katika kipindupindu. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya dripu akawanywesha wagonjwa maji yenye glukosi na chumvi. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 hadi chini ya 4 kwa kila wagonjwa 100. Ndiyo ORS inayokorogwa leo katika zahanati, na muuguzi akimnywesha mtoto anayeharisha humuuliza mama yake, "Amekojoa?"