Soka ya Awendo ilivyoanguka pamoja na miwa

Mwaka 2006 mji mdogo wa Awendo, katika eneo la miwa la kusini mwa Nyanza nchini Kenya, ulitoa bingwa wa ligi kuu ya soka. Timu ya SoNy Sugar, iliyolelewa na kiwanda cha sukari cha mji huo, ilizitangulia timu kubwa za Nairobi. Mwaka 2019 timu hiyohiyo iliondolewa ligini baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu kwa kukosa fedha.

Chanzo hakikuwa uwanjani. Mchezaji na mkulima wa miwa walimtegemea mlipaji mmoja. Viwanda vya sukari vya serikali vilielemewa na madeni, mitambo mikongwe, upungufu wa miwa na ushindani wa sukari ya bei nafuu kutoka nje. Kiwanda kinaposhindwa kumlipa mkulima, ambaye miwa yake imekaa shambani takriban mwaka mmoja na nusu, fungu la soka haliwezi kupona.

Mwaka huohuo wa 2019, kampuni ya SportPesa iliacha kudhamini ligi baada ya mvutano na serikali kuhusu kodi. Nguzo mbili zikawa zimeanguka kwa wakati mmoja.

Je, viingilio vingeweza kuiokoa timu? Tuchukue mfano wa timu ya mji mdogo inayocheza mechi 17 za nyumbani. Watazamaji 800 wakilipa Sh100 kila mmoja, timu hupata Sh80,000 kwa mechi, yaani Sh1,360,000 kwa msimu. Wachezaji 25 wakilipwa Sh20,000 kwa mwezi, mishahara pekee hufika Sh6,000,000 kwa mwaka. Kiingilio hakifikishi hata robo ya mishahara, kabla ya nauli, chakula, malazi na waamuzi.

Hasara haiishii kwa wachezaji. Siku ya mechi, muuza chai, mchoma mahindi, mwenye nyumba ya wageni na mwendesha bodaboda hupata wateja ambao siku nyingine hawapo. Aliyekuwa akiikopesha timu chakula kwa kutegemea jina la kiwanda hubaki na daftari la madeni.

Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilivikodisha viwanda vinne, vikiwemo SoNy na Chemelil, kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Mwekezaji huja kutafuta faida, hivyo si busara kwa mji kusubiri arudishe soka kama hisani.

Njia iliyo salama ni kugawanya mzigo. Wanachama walipe ada ndogo kila mwezi, wafanyabiashara wanunue nafasi za matangazo uwanjani, na ushirika wa wakulima upate kiti katika kamati na kukagua hesabu. Timu ipange mishahara kwa fedha zilizokwisha kuingia benki, si kwa ahadi.

Funzo hili ni la mkulima na mchuuzi pia. Mwenye ekari tatu za miwa atenge walau sehemu ya mahindi, maharage au ng'ombe wa maziwa. Mwenye duka aweke kikomo cha mkopo kwa kila mteja, hata awe mkubwa kiasi gani. Wahenga walisema, mtegemea cha ndugu hufa maskini.